Nilimrudisha Mama Katikati

Dada yangu,

Sisi hatujambo, ila makochi yangu hayana raha. Tangu mama aje, anayahamisha kila siku akidai sebule imelala upande.

Nakuandikia kuhusu picha ya ubongo wake. Kazini tulipungukiwa na watu wenye afya wa kupigwa picha za utafiti, nikamwomba yeye. "Mtapata nini kwenye kichwa hiki cha mvi?" akasema, akacheka mpaka ndani ya mashine.

Kompyuta yetu huipa kila nukta ya picha uzito kulingana na mng'ao wake, kisha hutafuta kitovu cha uzito, yaani pale ambapo ubongo mzima ungetulia juu ya kidole kimoja kama sinia. Kwa wengi huwa katikati. Cha mama kilivutwa kulia. Nikajiambia ni kile kicheko, amelala vibaya. Nikakirudisha katikati kwa mkono wangu, nikaendelea na wengine.

Jana mkuu wangu alizifungua picha zenyewe. Kulia kwa mama kuna uvimbe unaong'aa, mkubwa kama limau. Kompyuta ilisema kweli, dada, mimi nikaikosoa. Tumekaa nayo picha hiyo miezi mizima.

Leo, huku akimenya viazi, mama ameniuliza picha yake ilitokaje. Ulimi ukaniponyoka: "Nzuri, mama."

"Afadhali," akasema. "Nilidhani haya maumivu ya kichwa ni kitu."

Njoo upesi. Mama ananiamini.

Mdogo wako