Jina la Ochieng Juu ya Hesabu ya Nyutrino

Ochieng, omera, ndugu yangu,

Nina hasira na wewe, wacha niitoe kwanza. Ile selimundu ya damu yako ilikuwa inakutafuna mifupa, nawe unaniambia ni baridi tu, eti tumalize hesabu. Sasa uko chini ya mchanga wa kwenu Macalder, na hesabu imeisha bila wewe.

Mazikoni mheshimiwa mmoja alishika maikrofoni akatangaza kwamba ulikuwa unaiundia Kenya nyuklia. Watu wakapiga makofi. Nilitaka kuwaambia kwamba nyutrino ni chembe ndogo mno zinazopita ndani yetu sote bila kutugusa, na mara chache sana moja hugonga elektroni. Kazi yako ilikuwa kukokotoa mgongano huo kwa usahihi, ili wanaozihesabu nyutrino wasijidanganye. Nani angesikia?

Baba zako wadogo hawakuhutubia. Ulikufa hujajenga, basi wakakusimamishia kijumba cha mabati asubuhi ileile, ndio ulale mbele ya nyumba yako kama mwanamume mwingine yeyote.

Msimamizi wetu wa utafiti chuoni hakuwa na adabu hiyo. Matanga hayajaisha, akaniandikia kwamba jina lako litoke juu ya makala yetu, uwekwe kwenye shukrani huko chini, kwa sababu "marehemu hawezi kujibu makosa." Wewe! Wewe uliyeona kwamba elektroni ikigongwa hutoa mwanga kidogo, na lazima tuseme kama tumepima elektroni peke yake au pamoja na mwanga wake. "Omena mbichi na kavu haziuzwi bei moja," ulikuwa ukitufokea kama mchuuzi wa dagaa. Bila hilo makala yote ni takataka.

Nilimjibu kwamba kwetu aliyekufa hanyimwi nafasi yake. Akasema hiyo ni mila, hii ni sayansi. Makala yakachapishwa, sehemu yako imo neno kwa neno, jina lako halimo. Langu pia halimo, nililitoa mwenyewe. Shahada yangu imekwama, nafundisha fizikia sekondari huku Homa Bay, na mama yako anadhani nilifukuzwa. Sijamweleza. Inauma, Ochieng, usidhani mimi ni shujaa.

Jioni nikimaliza kusahihisha madaftari, naikokotoa hesabu yetu upya tangu mwanzo, kwa njia yetu. Kuna mahali nimekwama ambapo ungenicheka vibaya. Lakini itatoka, hata kama ni kwenye jarida lisilosomwa na mtu, na jina lako litatangulia langu.

Lala sasa, omera. Makosa yakipatikana humo, nitayajibu mimi.