Matairi Makubwa ya Jipu la Baba Yako

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, dada yako mzima, kichanga chake kimeota jino, baba yako mdogo anakusalimu. Bibi yako hakusalimu. Amenuna, na mimi nimenuna zaidi.

Simu zangu hupokei, ila mdogo wako unampigia umwambie afunge matairi makubwa kwenye jipu kuukuu la marehemu baba yako. Eti lionekane la kiume! Sasa liko juu kama ghorofa. Bibi na magoti yake tunampandisha kwa stuli ya jikoni. Tukijaa wote, tairi linasugua bodi mpaka linanuka. Alhamisi lilikwama kwenye kona, usukani ukagoma, nusura tuingie mtaroni. Bibi akasema, "Nishusheni, nikafe kwa miguu yangu." Kliniki hakufika, na dawa zake zimekwisha.

Fundi bado ana yale matairi ya zamani. Mdogo wako amegoma: "Mpaka kaka aseme." Mimi niliyemzaa si kitu!

Basi sema, mwanangu. Jumatatu Bibi anatakiwa kliniki tena. Barua hii ikikufika, usikae chini kwanza, mpigie mdogo wako.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda hata leo.