Bosi Ajifunze Kulala Mwenyewe

Nyumba ya mwisho,
Nyuma ya duka la rangi.
Alhamisi, 12 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu za nyumba nzima, hasa za mwanangu Bosi, ambaye ameota jino na amelijaribu kwenye kidole changu. Hujambo wewe na shemeji? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi ni wazima wa mwili, ila nyumba haijatulia. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu humu ndani Mama anasikia mpaka ninachofikiria. Barua hii anakuletea jirani yetu dereva wa lori, anayeondoka kesho.

Shida ni usingizi. Tangu Bosi azaliwe, Mama humlaza mapajani huku akikanyaga cherehani. Kitambaa kikiisha anaendelea kukanyaga vivyo hivyo, anashona hewa. Cherehani ikisimama, mtoto anafumbua macho kama askari wa zamu.

Nilikuwa nacheka, mpaka mguu wa Mama ulipovimba na daktari akamkataza kukanyaga. Na Jumatatu narudi karakana. Msimamizi amesema wazi kwamba nisipofika, mashine yangu ya kuchomelea anampa mtu mwingine. Unajua nilivyoisotea nafasi ile, mwanamke peke yangu kati ya wanaume wale.

Basi wiki hii nimeanza kumfundisha. Akishanyonya namlaza kitandani akiwa bado macho, kope zimelegea, namwekea mkono kifuani na kumwimbia kwa sauti yangu hii ya kutu. Akilia simwachi. Nampapasa, na nikiona amezidiwa namnyanyua hadi atulie, kisha namrudisha. Najua haraka haraka haina baraka, lakini Jumatatu nayo haijui methali.

Aliyenishinda ni Mama. Mtoto akilia, yeye anakunja nguo zake bila wasiwasi. Akianza kunyamaza tu, Mama huyo chumbani, anamnyanyua. Kazi yote bure. Jana nilipandwa na hasira, nikamwambia, Mungu anisamehe, kwamba ananiharibia maisha kwa makusudi.

Hakugomba. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamfunika Bosi miguu, akasema, "Akilia najua yupo. Akinyamaza je?"

Dada, kumbe kabla yako Mama alikuwa na mtoto mwingine. Wa kike. Mama alimlaza chumbani akaenda kumalizia gauni la mteja, akashukuru kwamba siku hiyo mtoto hasumbui. Alipokwenda kumwangalia, alikuta ameshapoa. Ndiyo maana sisi sote tulilelewa mapajani pake, ili azisikie pumzi zetu. Wewe ulijua? Mimi nilijiona mdogo kama punje, nikalia kuliko Bosi.

Leo mchana tulikaa wote wawili kando ya kitanda. Bosi alilalama, akanyonya kidole, akalala bila kubembelezwa. Mama hakumnyanyua. Kila baada ya muda alisogeza kiganja karibu na pua yake, mpaka mtoto alipoamka mwenyewe.

Kwa hiyo Bosi simwogopei tena. Ninayemwogopea ni Mama, Jumatatu mchana, peke yake katika nyumba iliyonyamaza. Mume wangu hurudi jioni, na mimi pia.

Nisalimie mapacha, na mama mkwe wako yule mcheshi. Shemeji mwambie viatu vimenitosha.

Sasa ombi langu. Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, Mama atakapokuwa amemlaza Bosi, mpigie simu. Usimwambie kwamba nimekuandikia. Mpe habari zozote, hata umbea wa majirani zako, na tafadhali usikate simu mpaka usikie mtoto ameamka.

Mungu awape usingizi mwema, wakubwa kwa wadogo.

Wako akupendaye,
Kitindamimba