Baba Ataulizwa Upya

Kinjumbi,
9 Septemba 1952

Kwa kaka yangu mpendwa Abdurahmani,

Shikamoo, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Mchinga, na kile kikohozi kimekwisha. Sisi huku miili ni mizima, alhamdulillahi, ila mioyo haina raha, na Mama hali kitu mpaka nimsihi.

Umekwisha kusikia kwamba banda la mbata la jirani yetu Bwana Fakihi liliungua, pamoja na nazi zote alizokuwa akikausha ndani. Moto ulitoka shambani kwetu, majani yalipokuwa yakichomwa. Alhamisi iliyopita Baba aliitwa boma la Kilwa, mimi na Mama tukamfuata. Alisomewa shtaka la kuwasha moto bila ruhusa. Akajibu kuwa ni kweli na kwamba anaomba radhi, kama tufanyavyo kwa jumbe hapa kijijini: mtu akikiri na kumpa mkono aliyemkosea, shauri limekwisha, watu wanakunywa kahawa. Mama akaanza kujitanda kanga ili tuondoke.

Hapo inspekta wa polisi akasimama, akaomba shtaka libadilishwe. Sasa wanasema Baba alichoma banda kwa makusudi, kwa kuwa Bwana Fakihi ameeleza kuwa waligombania mpaka wa minazi. Bwana Shauri, yule Mzungu anayehukumu hapo bomani, akakubali. Mkalimani akatuambia jibu la kwanza limefutika, na Alhamisi ya wiki ijayo Baba atasomewa shtaka jipya na kuulizwa upya. Nilimuuliza karani adhabu yake. Akanitazama, akasema ni miaka, binti, si miezi.

Mwalimu wangu Stefania amenieleza kuwa sheria humuuliza mtu upya ili apate nafasi ya kukataa asilotenda. Nilimwambia Baba hivyo. Akasema amekwisha kutamka ni kweli mbele ya watu, hawezi kuwa kigeugeu uzeeni. Mama akamwambia kwa hasira kuwa huko kifungoni hakuna jumbe wala kahawa, na Fakihi hatakwenda kumpa mkono. Baba alicheka kidogo tu, akaendelea kusuka ukili wa mkeka wake. Bwana Fakihi naye akipita njiani hutuuliza kwa sauti kama tumekwisha kupata wa kutukwelea minazi miaka yote hiyo.

Kaka, sasa nakuambia nisiloweza kumwambia Mama. Moto ule niliuwasha mimi. Baba aliniagiza ningoje upepo utulie, akaenda kisimani. Sikungoja, nilitaka kumaliza upesi nirudi kwenye vitabu vyangu. Alipoona moshi alikuja mbio, akaninyang'anya kibiriti, akanituma nyumbani na kunikataza nisifungue mdomo. Ndiyo sababu hataki kukana. Anaogopa watamuuliza: kama si wewe, ni nani?

Kila nionapo tarishi wa boma najificha nyuma ya nyumba. Lakini nimekata shauri. Siku hiyo, kabla Baba hajajibu, nitasimama niseme. Sijui kama watanisikiliza, wala watanifanya nini. Ila hakuna aliyekusudia, si Baba wala mimi, na ninatumaini ukweli ukisemwa wote, wataliona hilo. Tafadhali njoo kabla ya Alhamisi hiyo, ukae karibu na Mama nitakaposimama.

Barua hii nampa Ahmadi, anakuja huko na lori kesho. Mama anakusalimu sana. Baba pia anakusalimu, na anasema usiache kazi kwa ajili yake. Hajui nimekuandikia nini.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mastura binti Kibwana