Mchana na Usiku Sawa

Sundbyberg, Stockholm

Baba Njeri wangu,

Hujambo wewe, na ng'ombe wetu? Jana binti yetu alinipeleka kwa jirani yake Karin, mfuasi wa Wika, dini ya kuheshimu majira. Nilibeba Biblia kwenye mkoba, maana Njeri alisema wengine wao hujiita wachawi! Kumbe ni sherehe ya shukrani: matufaha tu, mkate wa moto, mshumaa, na majani mekundu yaliyookotwa nje. Karin alikata tufaha kwa upana, na ndani, Baba Njeri, mbegu zimejipanga kama nyota! Miaka yote nimekula nyota bila kujua.

Nikauliza wanashukuru nini. Akasema mavuno, na pia kwamba jana mchana na usiku vililingana. Kuanzia leo giza linaumega mchana, hadi Desemba jua linachungulia tu na kuondoka.

Nikamwambia, "Kwetu Nanyuki, kwenye ikweta, vinalingana kila siku. Hata saa tunazihesabu tangu jua linapochomoza."

Njeri alipomtafsiria, Karin aliweka kisu chini.

"Kila siku?" aliuliza polepole. "Na mnashukuru vipi?"

Nikakiri kwamba hatujawahi. Akanipa kipande cha kwanza kwa mikono miwili, kama mtu aliyetoka ikulu.

Kesho asubuhi ukimaliza kukamua, tafadhali lisubiri jua. Likitokeza, vua kofia useme asante kwa ajili yetu sote wawili. Tumechelewa sana, lakini najua itapokelewa.

Nakukumbuka mno,
Mama Njeri