Vitu Viwili Visivyotazamwa

Nyumbani, 29 Aprili 2012

Kwa mkwe wangu Leander,

Salamu sana. Kondoo wazima, mbwa mzima, ni goti langu tu linalonung'unika. Watu wakiandika barua huweka "hofu ni kwako" kwa mazoea, kama chumvi. Leo naiandika kwa sababu ni kweli.

Mwanangu Charmayne ameniambia jana, huku anakanda unga, kwamba umekubali kuwaongoza wapiga picha wa yule Tolliver wa safari za watalii. Kwamba mtazunguka mkitafuta kondoo wa milimani, farasi mwitu na wale tumbusi wakubwa wa majabali mekundu, na mwisho mtapanda mlima bapa ulio magharibi ya kwetu, siku ya kupatwa kwa jua, jua litakapokufa, walipige picha likifa. Nikamwambia, "Rudia." Akarudia.

Leander, wewe umelelewa na watu. Unajua siku hiyo mtu hukaa ndani, madirisha yamezibwa, hali, hanywi, halali, anangoja jua lizaliwe upya. Na mwenye mke mjamzito ndiye wa kujificha kuliko wote, maana anachokitazama baba, mtoto tumboni anakitazama pia. Mwaka juzi mlipoteza mimba. Sisemi zaidi.

Miaka sita umekaa kwangu na hatujatazamana usoni wala kusemeshana. Nimevaa kengele pindoni mwa sketi ili ukinisikia ugeuke, nawe hujakosea hata mara moja. Wenzangu wanasema desturi hiyo imepitwa, siku hizi wakwe wanakaa meza moja na kuombana chumvi. Waombane. Mimi nimekujua u mtu wa heshima bila kukuona. Anayeweza kutomtazama mama mkwe miaka sita hashindwi kulikwepa jua jioni moja.

Naiweka barua hii chini ya kopo la kahawa kwenye nguzo ya zizi, kama siku zote. Usiende.

Mama mkwe wako,
Zella


Lojini, Majabali Mekundu, 5 Mei

Shikamoo mama mkwe,

Natumai goti limepoa. Mimi mzima, ila pua imeungua. Barua yako niliikuta asubuhi ya kuondoka, gari limeshawashwa. Niliisomea njiani, nimebanwa kati ya mabegi ya kamera, na aibu ikanishika kwamba nimeondoka bila kukujibu.

Kaka zangu wote wawili wanatandaza reli huko Nebraska, watoto wao wanawajua kwa picha. Tolliver amesema safari hii ikienda vizuri atanifanya kiongozi wake wa kudumu, kazi ya huku huku, nikilala kwangu. Hilo tu ndilo lililonitoa. Sitaki mtoto huyu anijue kwa picha.

Wageni si wabaya. Yuko mmoja, Bi Ruthanne, mwalimu mstaafu, mjane. Juzi tulilala kifudifudi juu ya mawe tukimngoja kondoo dume ajitokeze, tumbusi akapita juu yetu, mabawa mapana kama lango la zizi. Bi Ruthanne akaninong'oneza, "Leander, huyu ananiangalia kama chakula cha mchana." Nikamwambia, "Bibi, jitikise kidogo ajue uko hai." Akacheka mpaka kondoo akakimbia, na Tolliver hakutusemesha hadi jioni.

Siku yenyewe nitawafikisha juu, kisha nitajifungia garini nijifunike blanketi mpaka liishe. Nakuahidi. Nitunzie Charmayne. Barua zitume hapa hapa lojini, tutapita tena.

Mkweo,
Leander


Nyumbani, 11 Mei

Mkwe wangu Leander,

Nimeipata yako, nimefurahi kwamba tumbusi hajamla mtu. Blanketi garini ni akili ya mtoto anayefumba macho akidhani haonekani.

Huku si kuzuri sana. Charmayne amevimba miguu, viatu vyangu ndivyo vinavyomwingia sasa. Kichwa kinamgonga, na jana aliniuliza kwa nini kuna vimulimuli ndani ya nyumba mchana. Hakukuwa na kitu. Nilimpeleka zahanati, nesi akasema ni presha, apumzike, arudi Jumanne ya tarehe ishirini na mbili, na akizidiwa kabla ya hapo nisingoje.

Mimi si mjinga, Leander. Presha naijua na sibishani nayo. Lakini mtu akishaogopa jambo moja, mengine yote huingia kwa mlango huo huo. Sijui kama ni kweli macho ya baba huingia kwa mtoto. Najua tu kwamba sitaki kujaribia kwa mjukuu wangu. Kwetu hapa simu haishiki, jirani wa karibu ni mzee kiziwi, na usiku nasikiliza pumzi ya Charmayne kupitia ukutani.

Yeye ananigombeza. "Mama, acha kumtisha, ana kazi." Nikamwambia simtishi, namgawia hofu yangu, imenizidi.

Mama mkwe wako,
Zella


Lojini, 15 Mei

Shikamoo mama mkwe,

Ni mzima wa mwili tu. Nimesoma habari za vimulimuli, nikazirudia mara tatu.

Nina swali, na sina wa kumuuliza ila wewe. Jana Tolliver aliniita pembeni. Akasema, "Nataka mtu juu ya farasi, pale ukingoni, jua limebaki pete ya moto nyuma yake. Hiyo ndiyo picha waliyoifuata hawa." Nikamwambia sisi siku hiyo tunakaa ndani. Akacheka, si kwa ubaya.

"Leander, kaka, unaogopa jua?"

"Naogopa mama mkwe," nikamjibu, nikidhani mzaha utanitoa.

"Basi mwambie hutalitazama. Utalipa jua mgongo, utatutazama sisi. Iko wapi dhambi?"

Nimelichuja neno hilo mpaka limebaki makapi. Ni kweli macho yangu yatakuwa mashariki, upande wa kwetu, na jua litakuwa mgongoni. Wapiga picha watakuwa chini yangu na lenzi zao ndefu. Sitaona kitu. Lakini sina hakika. Ukisema hapana nitakataa, na kazi iende zake. Tunapita hapa tarehe kumi na tisa, Jumamosi, siku moja kabla ya jua kufa. Nitalichukua neno lako hapo.

Mkweo,
Leander


Nyumbani, 18 Mei

Leander,

Hapana. Jua likifa si macho tu yanayojificha, ngozi nayo hujificha. Usikae chini yake, hata ulipe mgongo, hata ulipe kisigino. Charmayne leo hajala. Mwache farasi, mwache Tolliver, rudi nyumbani ukae ndani nasi.

Zella


Hospitalini, Flagstaff, 23 Mei

Shikamoo mama mkwe,

Wote wawili wako hai. Naanza na hilo, maana najua hukulala.

Ni msichana. Mdogo, anatosha katika viganja vyangu viwili, na amelazwa ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto. Daktari anasema ni kifafa cha mimba, na kwamba tungechelewa kidogo tu wangeondoka wote. Charmayne ameamka. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama amefika nyumbani?" Nikachukua kalamu.

Lojini sikukuta barua. Niliuchukua ukimya wako kama ruhusa kwa sababu nilitaka uwe ruhusa.

Nikakaa juu ya farasi, mgongo kwa jua. Mwanga ukawa mwembamba, rangi ya bati. Vivuli vya vichaka vikawa vipande vya hilali juu ya mwamba. Kunguru wakanyamaza, farasi akaanza kutetemeka chini yangu. Wageni wanashangilia, mimi nimeshika hatamu. Tolliver anapaza sauti, "Usitikisike. Hapo hapo, kaka."

Mbele yangu bonde lote lilikuwa tupu. Hakuna gari barabarani, hakuna moshi, hakuna mtu mlangoni, maana kila mtu alikuwa ndani kama ulivyosema. Ndipo nikaona vumbi. Gari moja tu nchi nzima, jeupe, linatoka kwako.

Lingekuwa la mtu mwingine ningesema ni mtalii. Lakini ni jambo moja tu duniani linaloweza kukutoa wewe nje jua likiwa limekufa. Kisha vumbi likapinda, likaingia korongoni, likasimama. Nikampiga farasi visigino. Tolliver akapiga ukelele, "Picha, Leander, picha." Sauti ya mwisho niliyoisikia huko juu ni ya Bi Ruthanne: "Mwache mtu aende."

Ulivyonikuta unajua. Nilifukua mchanga kwa mikono, nikapunguza upepo matairini yashike mchanga, na Charmayne anajipinda kwenye kiti, povu mdomoni. Wewe ukasukuma kutoka nyuma. Kengele yako ililia kila uliposukuma, na mimi kila ilipolia shingo ilitaka kugeuka kwa mazoea. Gari lilipochomoka ukapiga bodi kwa kiganja ukasema, "Nenda." Miaka sita, na hilo ndilo neno la kwanza ulilonisemesha kwa kinywa chako. Nikakuacha peke yako chini ya jua lile, maana ningesimama mchanga ungelimeza gari tena.

Mimi sikulitazama, naapa. Lakini wewe nilikuona, nawe uliniona. Naogopa kuuliza, ila nauliza. Macho yako yakoje?

Mkweo,
Leander


Nyumbani, 27 Mei

Mkwe wangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, nyingine kwa kidole. Mwambie Charmayne nilifika. Nilirudi na farasi wako, ananijua kuliko wewe.

Nikueleze upande wangu. Madirisha nilikuwa nimeyaziba kwa mablanketi, chumba kiza, tumekaa kimya kama inavyotakiwa. Charmayne akasema, "Mama, naona pete." Nikamwambia hakuna pete, dirisha limefungwa. Akasema, "Naiona." Halafu akaanguka, mwili ukakakamaa, meno yakasaga. Sijawahi kuogopa namna hiyo, hata nilipomzika baba yake. Nje kuna kifo na ndani kuna kifo, na mimi mlangoni na goti bovu. Nikamviringisha katika blanketi nikamburuta hadi garini.

Barabara inaelekea jua moja kwa moja, lilikuwa limejaa kwenye kioo. Basi nikaendesha nimeinamisha macho, nikitazama usukani na magoti yangu. Njia ile naijua tangu usichana, nikasema miguu itanipeleka. Lakini mchanga huhama. Ningeinua macho ningeuona. Kwa kuogopa kuliona jua nilitaka kumuua mwanangu, Leander. Hilo nalala nalo.

Nikasikia kwato. Nikashika mlango nikawaza: nikiwa na bahati ni mtu, nimwite, na kama si mtu je, saa ile ya wafu? Hakukuwa na namna ya kujua ila kutazama. Nikainua uso. Pete ilikuwa juu ya ukingo, nyeusi katikati, nawe unashuka kutoka ndani yake. Nikaviona vyote viwili kwa mara moja, jua na mkwe, vitu nilivyokatazwa maisha yangu yote.

Una kidevu kirefu. Kwa sauti yako nilidhani una uso wa duara.

Jicho la kushoto sasa lina doa. Nikitazama mbuzi, doa linakaa juu ya mbuzi. Mganga anakuja Alhamisi kuniombea, na Ijumaa naenda kwa daktari wa macho. Mfa maji haishi kutapatapa. Mimi nimeshakula chumvi nyingi, jicho moja litanitosha. Lakini nikifumba macho naiona ile pete, na Charmayne aliiona akiwa na mtoto tumboni. Mtoto je? Niandikie anaona nini.

Mama mkwe wako,
Zella


Hospitalini, Flagstaff, 2 Julai

Shikamoo mama mkwe,

Tunarudi Jumatatu ijayo. Mtoto ananyonya mwenyewe na analia kama mbuzi, watu wa chumba cha pili wanalalamika. Charmayne anatembea, amenirudishia ukali wake wote.

Macho ya mtoto daktari ameyamulika. La kulia linafuata taa. La kushoto linachelewa, au halifuati, hawajui. Wanasema waliozaliwa kabla ya wakati huwa hivyo, tungoje, huenda likaamka. Nikamuuliza kama yaweza kuwa kitu kingine. Akasema, "Kitu gani?" Sikujua kukisema mbele yake. Jicho la kushoto, mama mkwe, kama lako. Sijamwambia Charmayne.

Tolliver alikuja. Si mtu mbaya, aliacha safari nyingine kuja kutuona. Alileta picha ndani ya bahasha, akasema farasi ametoka kama moshi lakini pete ni nzuri, na kwamba kazi ipo nikiitaka. Picha niliipokea ikiwa imelala kifudifudi, na bado imelala hivyo. Kazi nimemwambia nitaikubali akinipa neno kwamba siku kama ile nitakuwa nyumbani. Amelitoa.

Sasa nifundishe. Tukifika, nitakaposikia kengele yako nifanye nini? Nigeuke kama zamani? Nitageuka ukisema. Naogopa kuvunja kitu ambacho bado hakijavunjika.

Mkweo,
Leander


Nyumbani, 5 Julai

Mkwe wangu Leander,

Samahani kwa herufi hizi kubwa, nazikimbiza kabla doa halijazifunika. Supu ya kondoo itakuwa jikoni, na mablanketi nimeyatoa madirishani.

Habari ya jicho nimeipokea nimekaa chini. Bado naogopa, sitakudanganya. Mganga amefanya yake, daktari amefanya yake, na hofu imebaki pale pale imekunja miguu. Lakini tangu siku ile nimejua kwamba kuna hofu ya kuinamisha macho na kuna hofu ya kuinua, na iliyomwokoa mwanangu ni ya pili.

Kengele nimeivua. Nimeifunga kwenye ubao wa kumbebea mtoto, juu, upande wa kushoto. Kama jicho lile linaona, litacheza nayo. Kama halioni, sikio litalionyesha njia. Hiyo ni yake sasa, kwa hiyo mimi hutanisikia nikija. Utanikuta tu mlangoni, nitakuwa nimesimama, na jicho langu la kulia nimekuwekea wewe.

Na ukisikia kengele, Leander, usigeuze uso tena. Atakuwa ni binti yako. Mtazame.

Mama yako,
Zella