Paka wa Stoo Afungwe Kizazi

Baba Nyambu,

Ulimwona paka akilia mlangoni mwa stoo ya mahindi, ukageuza uso. Asubuhi hii Wachira wa boda ameniambia ulimpa watoto wa paka kwa gunia akawatupe sokoni Chwele. Mwaka jana ulitupa wengine mtoni. Sijasahau. Naenda Chwele kuwatafuta.

~~Jipikie.~~ Githeri iko jikoni.

Ati paka akifungwa kizazi hashiki panya? Si hao maksai uliwahasi mwenyewe, na kila siku unajisifu vile wanalima?

Daktari wa mifugo yuko kwa jirani Wabwile mpaka saa sita. Paka asipewe maziwa kabla ya kupasuliwa. Mtie kwa kikapu umpeleke sasa, kabla hujaketi kula.

Mama Nyambu